Lindi Niliyomsimulia Binti Yangu

Mimi sijui kutulia. Hata kanisani, mahubiri yakirefuka kidogo mguu unaanza kucheza wenyewe, mpaka marehemu mume wangu alikuwa anaukanyaga ili watu wasituangalie. Labda ndiyo maana niliishia kuuza tiketi za basi pale stendi ya Omurushaka. Siendi popote, lakini kila siku kuna mtu namsafirisha.

Na kwa kusafirisha watu, jamani, nisijisifu, mimi ni hodari. Mtu akija dirishani na wasiwasi wake nampa nchi nzima. Ukitoka hapa, namwambia, utapita Nyakanazi, halafu Kahama, joto kidogo na biashara nyingi, angalia begi lako. Nzega. Singida kuna upepo, sweta lisikae mbali. Dodoma nunua zabibu. Morogoro utaona milima na roho itakumbuka nyumbani. Wanaobeba ndizi nawapimia nchi kwa ndizi zao: Singida zitakuwa mbichi bado, Dar joto la buti la basi litakuwa limeshaanza kuziivisha, na kama unaendelea mbele ya Dar, mwenzangu, ziache, beba maharage. Wakifika wananipigia simu. "Mama, ndizi zimefika salama." Basi namwambia hivyo hivyo anayefuata.

Hivyo ndivyo nilivyoijua Tanzania. Kwa miguu yangu mwenyewe mwisho wangu ni Biharamulo, nako nilikwenda mazishini nikarudi kesho yake. Hilo sikumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Sasa binti yangu, niliye naye mmoja tu, akapata ajira ya uuguzi. Alikuwa amemaliza chuo miaka mitatu iliyopita na muda wote huo anapalilia migomba yetu Kihanga, vyeti viko chini ya godoro. Kituo alichopangiwa ni zahanati moja mkoani Lindi. Aripoti ndani ya siku kumi na nne, asipofika nafasi anapewa mwingine. Alikuja mbio mpaka dirishani kwangu, simu mkononi, anahema.

"Mama, Lindi kukoje?"

Nilipaswa kumjibu kama ninavyowajibu watoto wa wenzangu. Lakini mdomo wangu ule ule ukageuka. Nikamwambia Lindi joto lake maziwa yanaganda kabla hujayaonja. Kwamba huko ndizi za kupika hawazijui, kwamba lafudhi yake watamcheka, kwamba mvua ikinyesha barabara inakatika na mtu anakaa wiki nzima hana habari za kwao. Nikaongeza simba. Simba, mama wee! Eti wanapita nyuma ya zahanati. Watu wa Lindi hawajawahi kunikosea lolote, na mimi nikawaharibia mkoa wao mzima nikiwa nimekaa kwenye kiti cha plastiki.

Niliogopa, basi. Nilijiona nikirudi Kihanga jioni kwenye nyumba isiyo na mtu wa kunijibu nikibisha hodi.

Aliniamini. Kwa nini asiniamini? Tangu akiwa mdogo anasikia watu wakiniuliza njia. Siku ya tano akaanza kuacha chakula. Siku ya tisa akasema labda asubiri ajira nyingine, ya huku huku. Mungu anisamehe, nilifurahi. Ila furaha yenyewe haikunikalisha. Nilifagia uwanja mara mbili asubuhi moja, nikamkatia mtu wa Mwanza tiketi ya Dodoma, nikagombana na mpiga debe kwa kosa ambalo mpaka leo silijui. Kila basi la Dar likiwasha injini nilikuwa nasimama kitini bila sababu.

Siku ya kumi na moja akaniletea chakula cha mchana, akakaa nyuma yangu humo kibandani akinipakulia. Basi likaingia. Akashuka dada mmoja na mtoto mgongoni, amejifunga vitenge viwili na koti juu, akaja moja kwa moja dirishani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, pole na safari."

Alikuwa mwalimu, amehamishiwa Isingiro huko Kyerwa, anatokea Tanga. Macho yalikuwa mekundu. Akasema mama yake alilia mpaka akaugua, maana huku kuna baridi ya kuua, Kiswahili hakisemwi, na ng'ombe ni wengi kuliko watu.

Nikacheka. "Ng'ombe ni wengi kweli, lakini hawajamkosea mtu. Asubuhi vaa sweta, saa nne utalivua. Nyumbani watu wanaongea Kinyambo, ila wewe amkia tu vizuri, kabla ya Jumapili utakuwa umeshaletewa mkungu wa ndizi. Huyo mama yako amewahi kufika huku?"

"Hapana."

"Basi asikutishe na mahali asipopajua."

Nyuma yangu nikasikia kijiko kimewekwa chini.

"Na wewe mama," binti yangu akasema, "Lindi ulifika lini?"

Sikugeuka. Yule mwalimu alikuwa ananiangalia usoni, na uso nilikuwa sina pa kuupeleka.

"Sijafika."

"Dar?"

"Sijafika."

"Dodoma?"

"Mwanangu, nisikilize..."

"Nimekuuliza Dodoma, mama."

"Mwisho wangu Biharamulo."

Akasimama. Niliposema nilitaka tu abaki, akasema, "Si ungeniambia nibaki? Ungeniambia hivyo ningekuelewa." Alikuwa analia kwa hasira, na alipotoka alinipita kama mtu anayepita kwenye foleni.

Hatua chache kutoka kwangu kuna dirisha la mabasi mengine, na anayekaa humo ni mzee mmoja tunayegombania naye abiria kila siku. Binti yangu akaenda kwake. Nikasikia anaomba kiti cha basi la alfajiri, halafu anauliza njia ya Lindi. Mzee akamwambia apande basi la Mtwara, akishafika Mtwara aulize, Lindi iko mbele yake.

Si kweli. Ukitoka Dar kwenda kusini Lindi ndiyo inaanza, Mtwara inafuata. Nimeuza tiketi miaka yote hiyo, hilo nalijua. Angepitilizwa, na siku zenyewe zilikuwa zimebaki tatu.

Nikatoa kichwa chote dirishani, nikapiga kelele: "Lindi inaanza! Mwanangu, usipitilize, Lindi inaanza!"

Stendi nzima iligeuka. Yeye hakugeuka. Aliinama kidogo, akamuuliza yule mzee kwa adabu niliyomfundisha mwenyewe:

"Samahani mzee, eti anachosema yule mama ni kweli?"