Mikono Ikisimama

Mume wangu alitaka tukifute kile kifurushi cha mwezi cha kuangalia tamthilia kwa intaneti. Alisema kinanifanya mvivu. Mimi, mvivu! Nilimeza hasira, nikamwambia anipe siku moja tu.

Sebuleni kwetu hapa Dutwa palikuwa na rundo la pamba likisubiri kuchambuliwa, nyeupe huku, chafu kule. Kazi hiyo watu huikimbia. Wifi zangu, yaani dada zake, huumwa vichwa kila ikifika. Safari hii niliwatumia ujumbe kwamba tamthilia itaendelea kwangu mchana. Walifika kabla sijamaliza kufagia uwanja.

Niliwapa sharti moja: mikono ikisimama, nami nasimamisha picha kwenye simu. Wakacheka. Bibi harusi wa kwenye tamthilia alipoanza kulia wakasahau pamba, nikasimamisha.

"Wifi, utatuua!"

Vidole vikarudi kazini mbio.

Jioni mume wangu akaingia. Dada zake wakapiga magoti kumsalimu kaka yao, na mikono ikasimama. Sharti ni sharti. Nikasimamisha, bwana harusi akabaki mdomo wazi mbele ya padri. Mume wangu akatafuta rundo aliloliacha asubuhi, akaona kimebaki kichuguu tu pembeni. Nikamnyooshea simu.

"Haya, kifute kifurushi mwenyewe."

Hakuipokea. Alivua viatu, akaketi juu ya gunia, akachota pamba kwa mikono miwili.

"Washa kwanza," alisema. "Tumsikie huyu anajibu nini."