Nguo ya Chumba cha Nne

Niseme mapema kabla wengine hawajanisemea: nilivaa nguo ya kuogelea ya mgeni wa hoteli nikaenda nayo ngomani. Wala sikuiokota. Niliianua mwenyewe kwenye kamba ya mama, ikiwa bado mbichi.

Hoteli ilikuwa ufukweni mwa ziwa, upande wa Geita, matofali chini na nyasi juu, vyumba sita. Tangu dhahabu ianze kuchimbwa, Wazungu wa migodini walishuka kila Jumamosi kuja kulowana, wakarudi wekundu kuliko hayo matofali. Nguo zao alizifua mama. Msimamizi wa hoteli, mzee wa pwani mwenye kanzu isiyojua vumbi, alikwisha kumwonya: kipande kimoja kikikosekana, kazi inahamia kwa dobi wa Mwanza. Na mama aliipenda kazi ile. Alikabidhiwa ufunguo wa stoo ya mashuka, akawa anauvaa shingoni hata kanisani.

Basi likizo ile, baada ya mavuno, ikafika siku ya mbina, ngoma zetu za mashindano. Kwetu ngoma ni vita: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja uwanja mmoja, na lenye watazamaji wengi ndilo limeshinda. Mimi ni wa kundi la baba. Mama, la ndugu zake. Siku hiyo ndugu zake wakaleta chatu. Sisi tulikuwa na majembe ya kurusha juu na kudaka, na watazamaji kumi na mmoja, wawili wamelala.

"Wewe msomi," kiongozi wetu wa nyimbo akanichokoza, "huko shuleni hamjafundishwa dawa ya chatu?"

Nikakimbia nyumbani.

Nguo yenyewe ilikuwa ya sufu, mistari myekundu na myeupe, ya mtu mwenye tumbo lake. Mimi ilinifika magotini. Nikaingia uwanjani nikicheza Mzungu anavyoingia ziwani: kidole cha mguu kwanza, "Uuuh!", kurudi nyuma, kujikumbatia, kuziba pua, halafu kuzama hadi magotini tu! Ngoma zikanifuata kidole kwa kidole. Watu wakaja wakitembea, wakaja wakikimbia, mwisho hata mwenye chatu akaja kuchungulia, chatu wake shingoni.

Ndipo nikamwona mama mstari wa mbele, mdomo wazi. Na nyuma yake, kanzu.

"Mama," msimamizi akasema, akininyooshea fimbo, "hiyo si nguo ya chumba cha nne?"

Ngoma zikanyamaza. Mama akaushika ufunguo wake.

"Ndiyo, mzee wangu. Sufu ikikaa kwenye kamba husinyaa. Hukaushwa mwilini, mtu akitembea."

"Huyu anatembea?"

"Ikiwa nzito, mzee, inabidi acheze."

Mzee akanitazama kuanzia magotini kwenda juu. Mabega yakaanza kumtikisika. "Basi ikauke upesi. Mwenyewe anaoga kesho asubuhi." Akaziba pua, kama mimi vile vile, akaondoka.

Niliifua upya, nikaikausha kwa pasi ya makaa mpaka jasho likanitoka. Mama akaipeleka mwenyewe. Aliporudi, kitu cha kwanza nilichotazama ni shingo yake: ufunguo ulikuwepo. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu ya ghafla, ingawa tulikuwa tumeonana mchana kutwa.

"Leo umenifanya nimdanganye mzee wa watu," mama akasema, "na umenifanya niwaache ndugu zangu na chatu wao. La kwanza nimekusamehe."