Magome Aliyompa Jovina

Shangazi yangu Mwajabu anauza dawa za mitishamba Chang'ombe, nyuma ya karakana za kuchomelea vyuma, na kwa usiri hana mfano. Dawa yake ya vidonda sugu huisaga pamoja na majani ya mwarobaini. Mwarobaini hausaidii kitu pale, kazi yake ni kuficha harufu ya mti wenyewe. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake. Mti huo ulikuwa Kibamba, kwenye kichaka bondeni, na ni mimi tu niliyeruhusiwa kumbebea kikapu. Alibandua gome kidogo upande wa mawio na kidogo upande wa machweo, kisha akaupaka mti udongo ili upone.

Miaka mitatu iliyopita akaja Jovina, mtafiti wa chuo, binti mwenye adabu zake, kuulizia mti wa dawa ile.

"Shikamoo mama. Tukiupima huo mti tukaona unatibu, tutaomba kichaka unamoota kisipimwe viwanja. Na jina lako litaandikwa."

"Marahaba mwanangu," akajibu shangazi, akamfungia magome kwenye gazeti. Yalikuwa ya mkorosho wa jirani! Binti alipoondoka tulicheka mpaka machozi.

"Wasomi hao! Waniibie mie?"

Nami nilicheka, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.

Vipimo vilitoka vitupu. Jovina akakosa cha kuwaonyesha wakubwa, na kichaka kikapimwa viwanja. Sisi hatukujua, maana debe letu la unga wa magome lilikuwa bado limejaa. Mwaka huu lilipobaki kopo moja tukaenda Kibamba, tukakuta ukuta wa matofali na mbwa anabweka getini. Shangazi aliketi palepale mavumbini na kitenge chake kipya.

Alimpigia Jovina simu yeye mwenyewe, akakiri kila kitu. Binti alikuja siku ileile na hakufoka. Afadhali angefoka. Shangazi akampa lile kopo la mwisho, lisilo na mwarobaini, akamtajia jina la mti ambalo hata mimi sikuwahi kulisikia.

"Huu ndio wenyewe, mwanangu. Upime."

"Asante mama. Ila hukupanda hata mche mmoja?"

"Baba alinikataza. Alisema nikiupanda nyumbani, watu watauona."

Jovina alilipokea kopo kwa mikono miwili. Nje, mgonjwa wa kwanza alikuwa ameshaketi kwenye benchi, anafungua kitambaa mguuni.