Uzito wa Baba

Kazi yangu ni kuendesha magari ambayo hayajaundwa. Naiambia kompyuta gari lina uzito gani, mota ina nguvu kiasi gani na barabara imeinuka vipi, nayo hukokotoa kwa kanuni za fizikia kama litapanda au litakwama. Mamangu huiita kupiga ramli, nami nimechoka kubishana naye.

Baba alipopooza upande mmoja, miguu ilikataa kumfikisha msikitini. Kutoka kwetu Utange hadi barabara ya lami kuna mwinuko wa mchanga, na tuktuk hukwama pale zikasukumwa. Baba hakutaka kusukumwa mbele ya wenzake. Alishinda dirishani na kanzu yake iliyopigwa pasi, roho ikiniuma. Nikaamua kumuundia tuktuk ya umeme, ila kwanza niijaribu kwenye kompyuta.

"Mama, baba ana kilo ngapi siku hizi?"

"Tisini," akajibu huku akikuna nazi, hakuinua macho.

Tisini zilikuwa za zamani, enzi zake za bandarini. Sasa mashati yalimpwaya na sote tuliona. Lakini kwetu neno "amekonda" halitamkwi mbele ya mgonjwa wala nyuma yake. Ni uchuro, kumwitia mabaya.

Juu ya uzito wangu na wa mama, nikaandika sitini za baba. Tuktuk ikapanda vizuri. Mama akaleta chai, akachungulia kioo cha kompyuta.

"Sitini hizi ni za nani?"

"Ni makadirio tu, mama."

"Babako ni kilo tisini. Atanona, inshallah. Wataka siku akinona gari limwaibishe?"

Ningeweza kumweleza. Badala yake nilifuta sitini nikaandika tisini, na tuktuk ikakwama katikati ya mchanga. Nikabadilisha gia, nikabadilisha mota, nikarudi kwenye matairi, mpaka ikapanda na baba wa kilo tisini, yule aliyesemwa na mama.

Tuktuk yenyewe ilipokamilika, Ijumaa ya kwanza niliendesha mimi. Mama alikataa kubaki, kama nilivyojua, akaketi nyuma na baba. Tulipofika mwinukoni nikaongeza mwendo, tuktuk ikapanda upesi kuliko hata kompyuta ilivyosema kwa kilo tisini. Baba alicheka kwa sauti, na mimi nikataka kulia kwa furaha.

"Mbona yaenda mbio hivi, mwanangu?" mama akauliza.

"Mota ni nzuri, mama."

Akamshika baba begani, pale kanzu ilipompwaya.

"Kweli," akasema, "ni nzuri." Na mkono wake haukutoka begani kwa baba mpaka tukafika.