Benchi la Wayahudi

Nilifundisha watoto shule ya Jumapili miaka mingi, na shule yangu mwenyewe iliishia darasa la pili. Nilikuwa mzee wa kanisa. Nikiingia, hata wakubwa walishusha sauti. Nyuma kabisa, karibu na mlango unaoingiza baridi, niliweka benchi. Mtoto akidanganya au akichokoza mwenzake, namwambia, "Nenda kakae na Wayahudi waliomsulubisha Bwana." Wenzake humzomea. Hakuna aliyenikataza. Na mimi nilifundishwa hivyo hivyo.

Ilikuwa miaka ile mitumba imeruhusiwa. Kila gulio Lushoto, viatu vinamwagwa chini rundo zima, unachambua mpaka upate pea. Mchungaji wetu, kijana tu, akarudi kutoka masomoni Ujerumani. Kwenye kikao cha wazee akatoa picha. Nikaona viatu, rundo limekaribia dari, vya watu wazima na vya watoto.

"Mchungaji, mitumba hii inashushwa gulio gani?" nikauliza. "Kwetu wanatuletea vilivyotoboka."

Wazee wakacheka. Yeye hakucheka.

"Bibi, wenye viatu hivyo waliuawa na Wajerumani wakati wa vita kuu ya pili. Ni Wayahudi. Walivuliwa kwanza."

"Walikosa nini?"

"Walikuwa Wayahudi. Basi."

Akasema wengi wa waliowaua walikuwa wamebatizwa, na tangu utotoni walisikia kanisani kwamba Wayahudi ndio waliomuua Yesu.

Nikaitazama picha tena. Kulikuwa na kiatu cha kifungo pembeni, saizi ya mjukuu wangu. Kikao kikaendelea na habari za bati za kuezekea kanisa. Ikawa kama umesimama ukingoni mwa mlima, ukungu ukafunguka, ukaona chini kulivyo mbali.

Njiani nikafikiri niliondoe benchi kimya kimya. Nani angeuliza? Lakini watoto wangebaki na maneno yangu kichwani.

Jumapili nikaenda nikakaa kwenye benchi mimi mwenyewe. Watoto wakageuka kunitazama.

"Bibi, umefanya nini?" mjukuu wangu akauliza.

"Nimewafundisha uongo. Yesu ni Myahudi. Mama yake Myahudi. Wanafunzi wake Wayahudi."

Akafikiri. "Kwa hiyo na Yesu ungemleta hapa?"

"Ningemleta. Na nyinyi mngemzomea, kwa sababu niliwazoesha."

Hakuna aliyezomea. Baridi ya mlangoni ilinipiga mgongoni. Sikuhama mpaka kipindi kikaisha.