Gitaa Iliyolia Mbaya

Harufu ya risasi inayoyeyuka, ile mafundi wa redio hutumia kuunganisha nyaya, bado hunikasirisha. Nikiinusa kwenye vibanda vya Majengo, narudi darasa la sita papo hapo: nimekumbatia gitaa ya baba mbele ya Fundi Salimu.

Baba ni polisi. Kazi ndiyo ilituleta Nyeri kutoka Bungoma. Kule nyumbani kuka, yaani babu yangu, alipiga litungu, ala yetu ya nyuzi. "Litungu haiimbi tu," baba alizoea kusema, "inakwaruza mpaka kifua kinawasha." Kuka alipofariki, mchwa wakaila litungu yake, na baba akaacha kabisa kugusa gitaa yake. Basi nikaamua kumtafutia ule mkwaruzo. Sikumwambia. Mimi hata kuomba jirani chumvi nilikuwa nafanya mazoezi kwanza.

Nilijaribu kila kitu chumbani. Kibanio cha nguo kwenye nyuzi: kuku amekabwa. Karatasi ya unga: bubu. Kijiko: uzi ukakatika, ukanichapa shavu. "Nekesa," mama akafoka, "hiyo kitu yako itatufukuzisha kwa hii ploti!"

Mwishowe nikaponda vifuniko vya soda kwa jiwe, nikavitoboa, nikavining'iniza pale nyuzi zinapofungwa. Earphone iliyokufa sikio moja nikaibandika kwa selotepu tumboni mwa gitaa, nikaichomeka palipoandikwa maiki kwenye spika ya mama ya mazoezi ya kwaya. Kitufe cha mwangwi nikakizungusha mpaka mwisho.

Wee! Ilikwaruza, ikavuma, ikarudi kutoka ukutani kama wazee watatu wanabishana. Niliruka kwa furaha, nikakanyaga waya wa earphone, ukang'oka. Kufungua mlango, baba huyo amesimama nje na buti zake. Nikajua kelele imemuudhi. Nikapita nimeinama.

Kesho yake, nikienda shule, nikampelekea Fundi Salimu ule waya pamoja na gitaa.

"Kwani gitaa yenyewe inaliaje, binti?"

Nikajikaza. "Inalia mbaya, fundi! Mbaya sana!"

Kwetu watoto, mbaya ilikuwa sifa. Chapati tamu mbaya, mpira moto mbaya. Lakini Fundi Salimu alikuwa mtu wa Kiswahili cha madrasa. "Pole, mwanangu," akasema. "Niachie."

Nilipotoka shule niliikuta inang'aa. Waya ulikuwa umeunganishwa vizuri, umekunjwa kando. Vifuniko havikuwepo. "Nimekutolea takataka zote," akasema, akagusa uzi mmoja. Ting! Safi kama kengele ya kanisa. Machozi yakanijaa; akadhani ni furaha, akaniongezea kashata. Nami, bure kabisa, nikasema asante.

Jioni hiyo nikampigia baba hiyo ting yangu. Akasikiliza, kikombe kikiwa mkononi.

"Ile kelele ya jana iko wapi?"

"Imetengenezwa, baba."

"Aah," akasema, akaangalia chai yake mpaka ikapoa.

Nilidhani anashukuru Mungu imeisha. Miaka yote nikamkasirikia fundi wa watu, kumbe mlangoni baba hakuwa amesimama kwa hasira, na jioni ile alikuwa anaomba nimrudishie ile kelele. Nilijua juzi tu, niko nyumbani likizo ya kidato cha tatu. Tulikunywa soda. Baba akaokota vifuniko, akavipanga kando ya gitaa, akatoka nje.

Nimeviponda, nimevitoboa, nimezungusha mwangwi mpaka mama ameshika kichwa. Kila nikiacha kupiga kidogo najua baba bado yuko hapo nje ya mlango, buti zake hazisogei. Inalia tu vizuri. Ile mbaya sijaipata.