Kikuba cha Bi Mize

Mimi Mikdad ni fundi umeme wa magari hapa Bagamoyo, na sina subira na mteja anayenitajia ugonjwa wa gari kabla sijashika bisibisi. Mzee Bwanausi alifika keshaamua.

"Ni fyuzi tu. Tia nyingine nikimbie."

"Shikamoo kwanza, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Fyuzi!"

Feni ya gari lake ilikuwa haipulizi. Hita kwetu huku ni pambo, lakini ukitaka moto ukitaka baridi, feni ni hiyo hiyo moja. Bwanausi huuza samaki, hupakia matenga sokoni akawapelekea wateja wake Zinga. Ila kesho yake alikuwa anampeleka mkewe, Bi Mize, kliniki ya moyo Dar. Safari iliyopita feni ilizima njiani, foleni imesimama, joto likamkata pumzi yule mama hata akashushwa kwa kubebwa. Bwanausi alikuwa na hofu, ndiyo maana akanisumbua vile.

Nikatia fyuzi. Ikakata papo hapo.

"Tia kubwa zaidi," akasema.

"Nikuchomee gari? Hebu tulia, mzee!"

Fyuzi ikikata hivyo, mara nyingi mota imekabwa. Nikaishusha mota kutoka chini ya dashibodi, nikaizungusha feni kwa kidole. Ikagoma. Uzi ulikuwa umejisokota shingoni mwake, na ndani ya uzi mna asumini na rehani, kikuba cha kunukia wanachovaa wanawake, kimekauka.

"Lo! Nani anayelisha feni vikuba? Wallahi, nyie watu..."

Nilitaka kufoka zaidi, lakini Bwanausi alikuwa ameuchukua ule uzi anaunusa.

"Mize huyu," akasema. "Kila siku namuuliza, gari halinuki samaki? Ananijibu, hata kidogo, mume wangu. Nami nikisikia asumini nasema ni nywele zake."

Machozi yakamlenga. Hasira zote zikaniisha, nikajifanya natafuta koleo.

"Usimwambie, Mikdad. Akijua kikuba chake ndicho kilichomtesa, hatatia tena. Nami nataka atie."

Mota ilikuwa nzima. Nikaisafisha, nikabadilisha fyuzi, feni ikapuliza vizuri. Nikamwambia pale inapovutia hewa panataka wavu. Akaenda kwake akarudi na kipande cha chandarua, akanikataza nisikiguse, akakifunga mwenyewe kwa uzi wake wa kufungia matenga.

Siku ya pili yake, wakirudi kutoka Dar, wakasimama kwangu. Bwanausi akavuka barabara kuswali alasiri, Bi Mize akabaki garini, feni inampuliza, uso wake hauna jasho. Nilifurahi sana kumwona vile.

"Mwanangu," akaniita, "ulikuta uzi?"

"Uzi gani, Bi Mize?"

"Mwongo wee!" Akacheka. "Niliona upepo unavuta ncha ya khanga yangu hapa chini, nikajua ndipo unapoingilia. Nikawa naweka kikuba, harufu ienee. Siku ile kikaniponyoka, feni ikakoroma, ikanyamaza. Tafadhali usimwambie Bwanausi. Akijua nasikia harufu ya samaki, ataona haya kunipakia humu."

Nikaapa kunyamaza. Mtu mmoja, siri mbili, ya mke na ya mume!

"Sasa kikuba nitaweka wapi?"

Nikamwonyesha wavu. Akainama, akaupapasa, vidole vyake vikasimama kwenye fundo.

"Fundo hili la nani?"

"La... la gereji."

"Mikdad. Fundo hili nalifungua kwenye matenga tangu naolewa."

 Akalishika lile fundo kitambo, kisha akatoa kikuba kifuani, akakilaza juu ya wavu taratibu.

"Kumbe anajua. Basi usimwambie kwamba nimejua."

Bwanausi akarudi, akaingia, akafunga mlango. Akavuta pumzi.

"Nywele zako zinanukia leo, Mize."

"Za kila siku hizo, mume wangu," akajibu, na gari likaondoka.